Shangazi, skripti ilitupeleka kwenye nyumba za watu wengine

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, msaidizi wa takwimu kwenye kituo kimoja cha utafiti wa kilimo hapa Morogoro. Nina mtoto wa miaka miwili, nina bosi, na nina laptopu ya kazini ambayo betri yake haimalizi hata saa moja. Mwaka huu kuna jambo limenipata, na kwa sababu yake nimejikuta nataka kujitolea kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kupendekeza maboresho. Sijui nianzie wapi, na kila ninayemuuliza ananivutia upande wake.

Jambo lenyewe liko hivi. Mwaka 2018, kabla sijaajiriwa, kituo kilifanya utafiti wa wakulima wa mpunga bonde la Kilombero. Kwenye orodha ya kaya 1,860 wakachagua 240 kwa bahati nasibu, wakaenda kuzihoji. Mwaka huu tumepata fedha za kurudi kwa kaya zilezile. Aliyekalia kiti changu wakati ule alishaondoka. Madodoso ya karatasi yalikuwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa likizo. Faili la kaya zilizochaguliwa halikuonekana popote. Kilichobaki ni orodha nzima ya kaya 1,860 na skripti ya R (lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu), safi kabisa, ina maelezo karibu kila mstari, na mbegu, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu, imewekwa: set.seed, namba 123. Nikafurahi. Chuoni tulifundishwa kwamba ukishaweka mbegu, bahati nasibu inajirudia vilevile siku zote. Nikaiendesha, ikanipa kaya 240, nikachapa orodha, wadadisi watatu wakapanda gari.

Siku ya pili nikapigiwa simu kutoka Mang'ula. Mdadisi alikuwa amekaa mkekani kwa mama mmoja, anamuuliza mavuno yamebadilikaje tangu "mara ile tulipokuja". Mama akamwambia, "Mwanangu, hapa kwangu hajawahi kuja mtu. Wale wa mwaka ule walikwenda pale kwa jirani, niliwaona wanapewa maji ya kunywa." Nyumba iliyofuata hivyohivyo. Ya tatu yake hivyohivyo. Nikawarudisha. Mafuta na posho za siku mbili, shilingi 610,000, zikawa zimekwenda na maji.

Stoo ilipofunguliwa nikakuta na kompyuta ya mezani ya yule aliyenitangulia, imefunikwa gunia. Nikaichomeka, ikawaka. Ndani kuna R 3.4.4. Nikaendesha skripti ileile juu ya orodha ileile, zikatoka kaya 240 nyingine, nikazilinganisha na madodoso moja baada ya nyingine: zote sawa. Skripti moja, mbegu moja, kompyuta mbili, orodha mbili.

Nikawasimulia wenzangu watatu niliosoma nao. Mmoja yuko Arusha, mmoja Nairobi, mmoja hapahapa Morogoro. Wakawaka moto. Wanataka tutengeneze programu yetu wenyewe, ya Kiswahili, itakayohakikisha utafiti wowote ukirudiwa unatoa majibu yaleyale. Tuna mpango wa kurasa 11, tuna jina, tuna nembo. Msimbo, yaani amri zenyewe za kompyuta, bado. Mimi moyoni nasita, naona heri tuchangie programu zilizopo. Ila nilishajaribu mara moja. Niliipanga upya misimbo ya programu fulani, mafaili 14, ili isomeke vizuri, nikasahihisha na neno moja lililokosewa kwenye maelezo, nikatuma. Wiki sita kimya. Kisha mtunzaji wa programu hiyo akalifunga ombi langu la mabadiliko kwa sentensi moja ya asante. Nililia, Shangazi, sitakuficha.

Bosi anasema kazi hiyo haina posho na haihesabiwi kwenye kupanda cheo. Kiingereza changu cha kuandika kinakwamakwama. Muda nilionao ni Alhamisi usiku mtoto akishalala, masaa mawili kama umeme upo, na bando nanunua kwa hela yangu. Nipange vipi? Nichangie wapi? Au niache, nilee mtoto?

Mkaguzi wa Mpunga, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole na Mang'ula. Huyo mama wa mkekani mpelekeeni kilo ya sukari mkirudi, maana amehakiki utafiti wenu kwa sentensi mbili, na mimi nawajua wahakiki wa majarida waliomaliza miezi minne wasione kitu.

Tuanze na kilichotokea, kwa sababu barua yako inasimulia vizuri lakini inaishia mlangoni. Fungua R kwenye laptopu yako, weka mbegu 123, halafu iambie amri ya sample ichanganye namba 1 hadi 10. Utapata 3, 10, 2, 8, 6, 9, 1, 7, 5, 4. Nenda kwenye ile kompyuta ya gunia, andika vilevile. Utapata 3, 8, 4, 7, 6, 1, 10, 9, 2, 5. Angalia hapo mwanzo: tatu na tatu. Mtu mwenye haraka anaona namba ya kwanza imefanana, anaridhika, anafunga.

Aprili 2019, toleo la R 3.6.0 lilipotoka, njia ambayo sample hutumia kugeuza namba za bahati nasibu kuwa nafasi kwenye orodha ilibadilishwa. Ya zamani inaitwa Rounding, ya sasa Rejection. Ya zamani ilikuwa na upendeleo: baadhi ya nafasi zilipata kuchaguliwa zaidi kidogo kuliko nyingine, na upendeleo ulikua kadiri orodha ilivyokuwa kubwa. Kellie Ottoboni na Philip Stark wa chuo kikuu cha California, Berkeley, waliuanika, na watunzaji wa R wakarekebisha. Kwa hiyo mbegu yako ni ileile, imepandwa tu kwenye shamba jingine. Ukitaka shamba la zamani, kabla ya set.seed andika RNGversion na uipe 3.5.0. R itakunung'unikia kwa onyo kwamba njia hiyo haina usawa. Iache inung'unike, iko sawa.

Nimelieleza kwa kirefu kwa makusudi. Hakuna hitilafu ya kuripoti hapa. R ilifanya jambo jema na ikalitangaza. Ulichokosa wewe ni namba ya toleo mahali popote kwenye ile skripti nzuri, na zaidi ya hapo, ulikosa faili la kaya 240. Kwenye kazi ya dodoso, kura ikishapigwa, matokeo yake ni data kama data nyingine. Yanahifadhiwa. Hayaachwi yategemee kwamba miaka saba baadaye mtu atairusha shilingi na itaangukia upande uleule. Huyo aliyekutangulia alikuwa makini kuliko wengi, na bado alidhani skripti inatosha.

Sasa hiyo programu yenu yenye nembo.

Nikusimulie habari ya MRAN. Ilikuwa hifadhi ya Microsoft, inapiga picha ya CRAN, yaani ghala kuu la vifurushi vya R, zile programu ndogo za nyongeza, kila siku iendayo kwa Mungu. Wewe mtafiti unataja tarehe, tuseme 10 Machi 2017, na unapewa vifurushi vyote kama vilivyokuwa siku hiyo. Watu wakajenga utafiti juu yake, wakaifundisha vyuoni, wakaandika kwenye makala zao kwamba msimbo wetu unarudiwa, tarehe hii hapa. Tarehe 1 Julai 2023 ikafungwa. Skripti zilizokuwa zimetaja tarehe kwa uaminifu zikabaki zinagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Kampuni ile haikukosa seva wala umeme. Iliamua tu kwamba kazi ile basi.

Ninyi mko wanne. Kila mmoja ana usiku mmoja kwa wiki, akijitahidi. Mwaka wa kwanza mtaandika msimbo kwa furaha. Mwaka wa pili R itabadilika, Windows itabadilika, na mtafiti wa Mwanza atawaandikia kwamba programu yenu imegoma na utetezi wake wa tasnifu ni Jumatatu. Mwaka wa tatu huyo wa Nairobi ameoa, wewe una wa pili. Nimealikwa harusi nyingi za programu, mwanangu. Ndoa zake nimeziona chache.

Na mnachotaka kujenga, vipande vyake vipo. Kuna renv, inayoandika kwenye faili liitwalo renv.lock kila kifurushi mlichotumia (kifurushi cha R, si cha simu) pamoja na toleo lake, ili mwingine avirudishe vilevile. Mwaka 2018 ilikuwa bado haijafika CRAN. Kulikuwa na mtangulizi wake, packrat. Kuna rig, inayokuwezesha kuweka matoleo kadhaa ya R kwenye kompyuta moja bila kugombana. Kuna makontena ya Rocker, mradi ulioanzishwa 2014 na Carl Boettiger na Dirk Eddelbuettel: unataja toleo la R, unashushiwa mfumo mzima ukiwa na R hiyo. Mamia ya megabaiti, lakini. Kwa bando la mfukoni hapo utalia tena.

Vipande vipo, na kila kimoja kina tundu. Renv inaandika kwenye lile faili kwamba mlitumia R 3.4.4 au nyingine yoyote, lakini haikuwekei hiyo R; itakuonya tu kwamba uliyonayo ni tofauti. Maelezo yake yenyewe yanakiri. Kwa hiyo hata kama mwenzako wa zamani angekuwa na renv, na wewe ukalipita lile onyo kama tunavyopita maonyo yote, gari lingekwenda Mang'ula vilevile.

Hapo ndipo ushauri wangu ulipo. Usianze kwa kuuliza programu ipi ina jina kubwa. Changia palepale ulipoumia, maana ndipo unapojua kitu ambacho mtunzaji hajui. Anajua msimbo wake kuliko utakavyoujua. Hajui kukaa na orodha mbili za kaya mkononi na simu inaita.

Data Carpentry, mradi unaowafundisha watafiti kushughulikia data, wana somo la R kwa watafiti wa sayansi za jamii. Data inayofundishiwa inaitwa SAFI: mahojiano ya wakulima wa Tanzania na Msumbiji kuhusu umwagiliaji, ya mwaka 2016 na 2017. Kaya, mashamba, mifugo, kuta za nyumba ni za nini. Kazi yako kabisa. Watu wa mabara mengine wanajifunza R kwa dodoso la wakulima wa huku, na somo lenyewe liko wazi, yeyote anaweza kupendekeza nyongeza. Lisome lote kama mwanafunzi. Kisha jiulize: anayemaliza somo hili akaenda kuchagua kaya 240, atajua kuandika toleo la R? Atajua kuhifadhi orodha? Ukiona pengo, aya moja yenye zile safu mbili za namba kumi nilizokuandikia hapo juu, na mistari mitatu ya msimbo, ni mchango. Tena mchango wa maandishi matupu unaweza kuuandikia moja kwa moja kwenye kivinjari, bila kupakua hazina nzima ya mafaili ya somo. Siku ukilazimika kuipakua, iambie git (programu inayotunza historia ya mafaili) depth 1, ikupe hali ya leo iache historia yote ya nyuma. Bando lako litakushukuru.

Pengo la pili ni la intaneti. Renv ina sehemu inaitwa cellar: unaweka humo vifurushi kwa mkono, inavisoma hapo badala ya kuvishusha mtandaoni. Kwa wengi hilo ni jambo la pembeni. Kwako ndilo jambo lenyewe. Chukua laptopu mbili, moja yenye mtandao, nyingine zima mtandao kabisa, hamisha mradi kwa flashi, na andika kila ulipokwama, neno kwa neno, na ujumbe wa hitilafu kama ulivyotokea. Usiurembe.

Ripoti nzuri ni fupi. Nilifanya hivi, nilitegemea hivi, nikapata hivi, na msimbo huu hapa mistari sita utakuonyesha kwako. Kuna kifurushi kinaitwa reprex kinachokuandalia hiyo mistari pamoja na majibu yake, na ukikiomba kinaambatanisha na matoleo yote. Kitu kimoja usifanye hata kama umechoka: usibandike data ya wakulima. Majina, namba za simu, kitongoji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule mama hakukukaribisha mkekani ili jina lake likae hadharani. Tunga data ya uongo, kaya A, kaya B.

Usione mistari sita ni midogo. Mwaka 2019 wanakemia wa chuo kikuu cha Hawaii, Manoa, waligundua kwamba skripti za Python zilizochapishwa 2014, zinazotumiwa na maabara nyingi kukokotoa vipimo vya molekuli, zilitoa majibu tofauti kwenye mifumo tofauti ya kompyuta. Sababu ilikuwa amri ya kuorodhesha mafaili ya kwenye folda. Skripti ilidhani mafaili yatakuja yamepangwa. Mfumo mmoja unayapanga, mwingine unayaleta unavyojisikia, na skripti inalinganisha faili la huyu na la yule. Dawa ilikuwa kuyapanga kwanza. Hakuna jukwaa jipya lililojengwa wala nembo iliyochorwa.

Na hapa ndipo wenzako wanapohitajika kweli. Mmoja wao akiwa na Mac, mwingine Linux, wewe Windows, mna kitu ambacho mtunzaji aliye peke yake hana: kompyuta tofauti na macho tofauti. Kila ripoti ya mmoja, wengine wairudie kabla haijatumwa. Zile kurasa 11 ziwekeni kabatini. Jina litumieni kwa kikundi chenu cha Alhamisi. Nembo ni nzuri kwenye fulana.

Tuje kwenye machozi yako ya mafaili 14.

Nina kifurushi kidogo ninachokitunza, cha kusomea data za mvua. Watumiaji wake nikikadiria hawajazi basi moja. Nakifungua Jumapili mchana nikitoka kanisani, chai pembeni. Jumapili moja nikakuta mgeni nisiyemfahamu ametuma mabadiliko ya mistari 1,900, kichwa cha habari: "nimesafisha". Nikakaa nayo. Kila mstari niliosoma ulikuwa sawa, lakini ningewezaje kujua kama kwenye mstari wa 1,400 hajabadilisha jinsi tunavyosoma siku isiyo na mvua na siku isiyo na kipimo, ambavyo ni vitu viwili tofauti vilivyonigharimu mwaka mzima? Ilinibidi nisome yote au nikatae yote. Nilichelewa kujibu kwa sababu niliona aibu kukataa. Nikakataa.

Sisi tuna msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanausoma kama ukali, lakini una upande wa pili: jembe anapewa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayejua shamba lipi linahitaji palizi. Wewe uliingia siku ya kwanza ukapanga upya vyombo vya jikoni. Vilipendeza, sikatai. Mwenye jiko akawa haoni mwiko uko wapi. Lile neno moja ulilosahihisha, ungelituma peke yake, lingepokelewa jioni ileile. Naye, kwa upande wake, wiki sita za kimya si ustaarabu. Hata "nimeona, nitarudi" inatosha. Lakini wengi wao wanafanya kazi hiyo kama wewe, mtoto akishalala.

Mpango sasa. Wiki 12, masaa mawili kila wiki, jumla masaa 24. Toa manne ya umeme kukatika na homa ya mtoto. Baki na 20, na usipange kwa saa ya 21.

Alhamisi tatu za mwanzo usitume kitu. Soma lile somo la SAFI, soma faili la CONTRIBUTING, ambalo ndilo linakwambia mwenyeji anataka jembe lishikwe vipi, na soma maombi kumi ya mabadiliko yaliyokubaliwa na matano yaliyokataliwa. Hayo matano ndiyo yatakayokufundisha. Alhamisi ya nne andika ripoti au pendekezo, moja tu, uulize: nina aya kama hii, mnaihitaji, na niiweke wapi? Usiku ule lala, usitume. Isome tena Ijumaa asubuhi ndipo uitume. Halafu unangoja, na kungoja kuko ndani ya mpango. Wakati unangoja fanya jaribio la laptopu mbili. Wiki mbili zikipita bila jibu, kumbusha mara moja, kwa sentensi moja. Wakisema ndiyo, andika. Wakisema hapana, uliza kama kuna sehemu nyingine inayofaa, kisha shika njia. Wiki ya 12 ikifika ukiwa na ripoti moja iliyojibiwa na aya moja iliyopokelewa, umevuna vizuri. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikufika hapo.

Kiingereza kisikuzuie. Andika sentensi fupi, weka msimbo, weka majibu. Safu mbili za namba hazina lafudhi. Na ukitaka kufanya kitu kwa Kiswahili, kuna kamusi huria ya Glosario ya maneno ya sayansi ya data, iko chini ya The Carpentries, shirika mama la hao Data Carpentry, inapokea lugha yoyote. Neno moja na maelezo yake ni kazi ya dakika 40 ukiwa unasubiri uji uive. Lakini jiandae kubishana. Mimi na rafiki yangu hatujasemezana vizuri tangu tulipogombea neno la "sampuli nasibu".

Bosi wako usimwendee na hoja ya utu wala ya sayansi huria. Mwendee na ile 610,000. Mwambie hii ndiyo bei ya kutoandika namba ya toleo, kwa siku mbili, kwa mradi mmoja, na tunayo miradi mingapi? Muombe Alhamisi moja kwa mwezi iwe ndani ya saa za kazi. Mwombe pia ruhusa kwa maandishi, mistari miwili tu, kwamba unachoandikia programu huria kinaweza kutolewa kwa leseni huria, maana laptopu ni yao na mkataba wako huenda unasema kila unachotunga ni chao. Watu hulipuuzia hili hadi siku ya kugombana.

Kuhusu cheo, sitakudanganya: aya moja haimpandishi mtu. Ila skripti yenu ya kuchagua kaya, ikishatengenezwa vizuri na kuondolewa taarifa za watu, inaweza kuwekwa Zenodo, hifadhi iliyo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, bure, ikapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha, na DOI inaingia kwenye wasifu wako kama makala inavyoingia. Ongeza faili la CITATION.cff ili anayeitumia ajue kukutaja. Kuna na jarida la JOSS, la programu huria za utafiti, lilianza 2016, halitozi mwandishi chochote na uhakiki wake unafanyika hadharani, lakini linataka programu yenye uzito, kwa hiyo hilo liache kwa baadaye. Msije mkalikimbilia na nembo.

Na mtoto, unalea tayari. Hukuniuliza hilo kwa kweli. Uliliweka mwishoni kama mtu anayeomba ruhusa ya kushindwa. Siitoi.

Alhamisi hii basi, kabla ya kusoma chochote, hifadhi ile orodha ya kaya 240 ya kwenye kompyuta ya gunia, nakala tatu, moja isiwe hapo ofisini. Halafu niandikie tena uniambie laptopu yako ina R toleo gani. La kompyuta ya stoo umelitaja. Lako, mwanangu, nimesoma barua mara tatu na sijaliona.